Washa Tano Zisizoonekana

Kengele ya saa tisa na nusu ilipolia, wanafunzi wengi wa darasa la saba walikimbilia uwanjani kucheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, na kandanda. Mwanatumu Abdalla na rafiki yake Mumbua hawakwenda huko. Wao walibeba mfuko wao wa vifaa wakaenda nyuma ya stoo ya shule, mahali palipokuwa wazi na pasipo na watu wa kugongwa.

Ndani ya mfuko mlikuwa na vitu vichache tu: bomba la kalamu lisilo na wino, uzi wa nailoni, kizibo cha mpira, saa ya mkononi na pakiti ya vyuma bapa vya duara vyenye tundu katikati, ambavyo mafundi huviita washa. Uzi ulipita ndani ya bomba. Juu ulifungwa kizibo, na chini zikaning'inizwa washa kwa ndoano ya waya. Mmoja wao alishika bomba na kukizungusha kizibo juu ya kichwa, huku washa zikiuvuta uzi kutoka chini. Mwenzake alishika saa.

"Anza!" Mumbua alisema.

"Moja, mbili, tatu, nne..." Mwanatumu alihesabu kila mzunguko hadi mwenzake alipopaza sauti baada ya nusu dakika.

"Basi! Ngapi?"

"Ishirini na moja."

Mumbua aliandika namba hiyo katika daftari, kisha wakaanza tena.

Ulikuwa mwaka wa 2003, na mashindano ya sayansi ya wilaya ya Machakos yalikuwa yamekaribia. Mwaka huo kila shule iliyojiandikisha ilipewa vifaa vya aina moja na kazi moja: kuchunguza jinsi uzito unavyobadilisha kasi ya kitu kinachozunguka. Shule itakayoshinda ingepewa darubini kubwa ya kutazamia nyota. Hakuna shule ya msingi katika mji huo iliyokuwa na darubini. Mwalimu Erastus, aliyewafundisha sayansi, aliitamani darubini hiyo hata akawa anaiota.

Siku ya kwanza ya maandalizi, mwalimu huyo alikuwa amewaonyesha wasichana hao wawili picha aliyoikata kutoka kwenye kalenda ya zamani. Ilikuwa picha ya kitu kinachong'aa katikati ya weusi, chenye mikono mirefu iliyojipinda kama povu la maji ya sabuni yanapozunguka yakiingia kwenye tundu la sinki.

"Hii ni galaksi," alisema. "Ni kundi la nyota mabilioni kwa mabilioni. Jua letu ni nyota moja tu katika galaksi kama hii. Na nyota zote hizi zinazunguka kitovu chake."

"Mbona hazitupwi mbali, Mwalimu?" Mumbua aliuliza.

"Swali zuri sana. Kwa sababu zinavutwa. Kila kitu kilichomo ndani ya galaksi kinavutana na vingine. Sasa chukueni kizibo chenu kuwa ndiyo nyota. Washa ni vile vitu vyote vinavyoivuta nyota hiyo. Uzito ukiongezeka, nyota huweza kuzunguka kwa kasi zaidi bila kutoroka. Hesabuni, mtaona wenyewe."

Wiki mbili za kwanza walifanya kazi kwa bidii. Waliona kwamba washa nne zilitoa mizunguko kama ishirini kwa nusu dakika. Washa tisa zilitoa thelathini. Washa kumi na sita zilitoa arobaini. Mwalimu aliwaambia warudie kila kipimo mara ishirini ili wawe na hakika. Hapo ndipo uvivu ulipoanza.

Jumatatu moja Mumbua hakufika shuleni. Alikuwa ameshikwa na malaria, na mama yake alileta habari kwamba angepumzika siku tatu. Mwanatumu alikwenda peke yake nyuma ya stoo, akavitazama vile vifaa, akasikia kelele za wenzake uwanjani. Vipimo arobaini vilikuwa vimebaki.

"Jibu ninalijua tayari," alijiambia. "Nne ni ishirini, tisa ni thelathini, kumi na sita ni arobaini. Kurudia kwingine kote huku ni kwa nini?"

Alikaa chini, akafungua daftari na kujaza nusu ya nafasi zilizobaki kwa dakika tano. Kisha akakimbia uwanjani kucheza kati. Alifanya hivyo hivyo Jumanne, na Jumatano akampelekea Mwalimu Erastus daftari.

Mwalimu alivaa miwani yake, akapitisha kidole juu ya namba taratibu. Ishirini, ishirini, ishirini, ishirini. Thelathini, thelathini, thelathini. Kidole kikasimama.

"Mwanatumu, Mumbua anaendeleaje?"

"Bado ni mgonjwa, Mwalimu. Atarudi kesho."

"Pole yake. Kwa hivyo siku hizi nani alikuwa anazungusha kizibo?"

"Mimi, Mwalimu."

"Na nani alishika saa?"

"Ni mimi."

"Na kuhesabu?"

"Mimi pia."

Mwalimu Erastus alichukua bomba na kizibo kutoka kwenye mfuko, akampa pamoja na saa. "Nionyeshe. Nusu dakika tu."

Mwanatumu alisimama akaanza kuzungusha. Alipoitazama saa, kizibo kiliyumba kikagonga ubao. Alipokitazama kizibo, hakuweza kuiona saa. Alijaribu tena, kizibo kikampiga sikioni. Alikiteremsha akainamisha kichwa, na machozi yakaanza kumtoka.

"Mkono wa mwanadamu hauwezi kutoa ishirini mara kumi na tano mfululizo," mwalimu alisema kwa sauti ya chini. "Mara utapata kumi na tisa, mara ishirini na moja. Hizi hukuzihesabu. Umezitunga."

"Nisamehe, Mwalimu. Nilidhani... kwa kuwa jibu tunalijua..."

"Tungekuwa tunalijua, tungepima kwa nini?" Alichora mstari mwekundu kutoka juu ya ukurasa hadi chini. "Sikiliza. Sitakupiga, wala sitakuondoa katika mashindano leo. Lakini vipimo vyote sitini vitaanza upya, hata vile vya kwanza. Na hili lililotokea, Mumbua atalisikia kutoka kwako wewe mwenyewe, si kwangu."

Kumweleza Mumbua kulikuwa kugumu kuliko kumkabili mwalimu. Siku iliyofuata, Mumbua alirudi akiwa amekonda, sweta limefungwa hadi shingoni. Mwanatumu alimweleza yote wakiwa wamesimama kando ya bomba la maji.

Mumbua alirudi nyuma hatua moja. "Nilikuwa kitandani nikitetemeka," alisema. "Nilikuwa nikimwambia mama, angalau Mwanatumu anaendelea na kazi yetu. Kumbe ulikuwa unacheza kati."

"Najua. Nimekosa. Nitapima yote mimi, wewe ushike saa tu, hutachoka."

"Sijui kama nitaweza kukuamini tena," Mumbua alisema, akaondoka kwenda darasani.

Jioni hiyo Mwanatumu alipita kwenye duka la baba yake la vifaa vya ujenzi, karibu na stendi ya mabasi. Mzee Abdalla alikuwa akipanga misumari kwenye makopo kwa ukubwa wake. Babu yake alikuwa ametoka kisiwa cha Pate zamani, lakini yeye alizaliwa papo hapo Machakos na alikijua Kikamba kama wateja wake.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekuwa hivyo?"

Alimweleza. Hakuficha chochote, kwa maana alikuwa amechoka kuficha. Baba yake aliendelea kupanga misumari hadi mwisho wa hadithi, kisha akafunga kopo la mwisho.

"Mtu akija hapa akitaka msumari wa inchi nne, nikampa wa inchi tatu kwa sababu nimechoka kupanda ngazi, paa lake litasimama?"

"Hapana, Baba."

"Halitasimama. Tena halitaanguka siku ile ile, litangoja siku ya upepo." Alimtazama binti yake kidogo, kisha akatabasamu. "Haya, kesho mlete hivyo vifaa vyenu. Ua wa nyuma ya duka una nafasi. Kama rafiki yako hataki kuja, saa nitashika mimi."

Basi kwa siku mbili Mzee Abdalla ndiye aliyekuwa mshika saa. Alisema "Anza!" kwa sauti kubwa hata wateja wakaja kuchungulia. Fundi mmoja wa mabomba alisahau alichokuja kununua, akasimama kuhesabu pamoja nao. Siku ya tatu, Mwanatumu alipokuwa anafunga uzi, alisikia hatua nyuma yake. Alikuwa Mumbua.

"Nimesikia huku kuna watu wanaohesabu kwa kelele," alisema bila kucheka. "Nionyeshe daftari."

Mwanatumu alimpa. Mumbua alisoma: kumi na tisa, ishirini na moja, ishirini, ishirini, kumi na tisa, ishirini na moja, ishirini na mbili. Pembeni mwa hiyo ya mwisho Mwanatumu alikuwa ameandika: *Mkono uliteleza, lakini ndivyo nilivyohesabu.*

Mumbua alilisoma neno hilo mara mbili. Alivua mkoba wake, akauweka juu ya gunia la saruji. "Mzee, nipatie hiyo saa," alisema. "Wateja wanakungoja."

Walimaliza vipimo sitini, wakafanya vingine ishirini kwa hiari yao. Kufikia mwisho wa wiki ya pili, mikono yao ilikuwa imeujua uzi ule. Mwanatumu angeweza kutambua kwa masikio tu, kwa mvumo wa kizibo hewani, kama chini kulikuwa na washa nne au tisa. Alama ya wino mwekundu waliyoichora kwenye uzi, ili urefu wa sehemu inayozunguka usibadilike, haikuachwa isogee mdomoni mwa bomba hata kwa upana wa ukucha.

Mashindano yalifanyika Jumamosi ya pili ya Julai, katika ukumbi mmoja mjini. Shule zilitoka Tala, Mitaboni, Mlolongo na kwingineko. Ukumbi ulijaa wazazi na wanafunzi, wengine wamesimama madirishani. Kila timu ilieleza kazi yake na kuonyesha jedwali lake. Kufikia saa sita, shule tatu zilikuwa zimechaguliwa kuingia raundi ya mwisho. Jina la shule ya akina Mwanatumu liliposomwa la tatu, Mwalimu Erastus alirusha kofia yake juu ikatua kichwani pa mama mmoja aliyekuwa mbele yake.

Jaji mkuu alikuwa mwanamke mwembamba aliyeitwa Daktari Nzisa. Alizaliwa Mitaboni, akasoma mpaka akawa mwalimu wa fizikia katika chuo kikuu. Aliweka stendi tatu juu ya meza ndefu. Kwenye kila stendi kulining'inia kizibo, uzi na bomba kama vile walivyovizoea, na uzi ulikuwa na alama nyekundu tayari. Tofauti ilikuwa moja tu: badala ya ndoano, chini palikuwa na kikopo cheupe cha plastiki, kilichoonekana chepesi kama ndoano yenyewe.

"Chungulieni ndani ya vikopo," alisema. "Mnaona nini?"

"Washa nne!" timu zote zilijibu.

"Vizuri. Vizibo, nyuzi na washa ni sawa kabisa na vile mlivyotumia shuleni. Mna dakika kumi na tano. Zungusheni, hesabuni mizunguko ya nusu dakika, mniandikie namba moja na maelezo mafupi ya namba hiyo. Hamruhusiwi kufungua wala kutoa chochote."

Mnong'ono ulipita ukumbini. Watu waliona kazi hiyo ni rahisi mno kwa raundi ya mwisho. Kila mtoto aliyeshiriki alijua kwamba washa nne ni mizunguko ishirini.

Mwanatumu alishika bomba. Mumbua alishika saa. "Anza!"

Tangu mzunguko wa tano, Mwanatumu alisikia kwamba mvumo si ule. Kizibo kilikuwa kinakimbia. Alipojaribu kukipunguza kasi, uzi ulizama chini na alama nyekundu ikapotea ndani ya bomba. Ili alama ikae mahali pake, ilibidi azungushe kwa kasi zaidi.

"Basi! Ngapi?"

"Thelathini na moja."

Mumbua alikunja uso. "Umeanza kuhesabu kabla ya wakati."

Walirudia. Ishirini na tisa. Wakabadilishana, Mumbua akazungusha na Mwanatumu akashika saa. Thelathini. Walirudia mara tatu zaidi: thelathini, thelathini na moja, ishirini na tisa.

Mumbua aliweka bomba mezani. Jasho lilikuwa limemtoka puani. Aliangalia upande wa kulia. Timu ya pale ilikuwa ikifuta kitu kwenye karatasi na kuandika upya. Upande wa kushoto, wavulana wawili walikuwa wakibishana kwa kunong'ona.

"Mwanatumu, zimebaki dakika tatu," alisema. "Kuna kitu tunakosea. Tuandike ishirini tu."

"Lakini hatukupata ishirini hata mara moja."

"Woi, si kila mtu anajua ni ishirini! Mwalimu anajua, jaji anajua. Tukiandika thelathini, ukumbi mzima utatucheka, na darubini itaenda."

Mwanatumu aliitazama kalamu mkononi mwake. Ingekuwa rahisi. Tarakimu mbili tu, na hakuna ambaye angewauliza. Aliutazama ule uzi, akakumbuka mstari mwekundu kutoka juu hadi chini ya ukurasa, na jinsi Mumbua alivyosimama kando ya bomba la maji akiwa na sweta lake.

"Mumbua, mimi na wewe tumezungusha uzi kama huu karibu mara mia. Unaamini kwamba tumesahau kuhesabu leo?"

"Hapana," Mumbua alikiri. "Lakini washa ni nne! Zinaonekana!"

"Zinaonekana nne," Mwanatumu alirudia polepole, kisha akashtuka. "Zinazoonekana ndizo nne. Sisi huhitaji washa ngapi kupata thelathini?"

"Tisa."

"Basi kinachovuta uzi huu ni uzito wa washa tisa."

Mumbua alikichungulia tena kile kikopo. "Sasa hizo tano nyingine ziko wapi?"

"Sijui. Lakini kizibo kinajua kwamba zipo."

Mumbua alimtazama rafiki yake machoni kwa muda mfupi. Kisha akamsukumia karatasi. "Andika. Andika haraka."

Waliandika: *30. Tunaona washa nne, lakini kizibo kinazunguka kama kinachovutwa na washa tisa. Kuna uzito wa washa tano ambao hatuuoni.*

Daktari Nzisa alikusanya karatasi, akasimama mbele ya maikrofoni. "Timu ya kwanza imeandika ishirini," alisoma. Watu walipiga makofi. "Timu ya pili imeandika ishirini na mbili." Makofi yakawa machache. "Timu ya tatu imeandika thelathini."

Kicheko kilizuka kutoka nyuma hadi mbele. Mtu mmoja alisema kwa sauti, "Hao hawajui kuhesabu!" Mwalimu Erastus alijifunika uso kwa kofia. Mumbua aliushika mkono wa Mwanatumu chini ya meza na kuubana.

"Tulieni," Daktari Nzisa alisema. "Binti, njoo hapa. Unaitwa nani?"

"Mwanatumu Abdalla."

"Mwanatumu, ulijua kwamba washa nne hutoa mizunguko ishirini?"

"Nilijua, Daktari."

"Kwa nini basi hukuandika ishirini?"

Mwanatumu aliyaona macho ya baba yake katika safu ya tatu, akajibu.

"Kwa sababu niliwahi kuandika ishirini bila kuhesabu. Rafiki yangu alipokuwa mgonjwa, nilijaza daftari kwa namba za uongo, nikaenda kucheza. Mwalimu wetu aligundua. Ikabidi tuanze upya, tukahesabu mara themanini. Sasa nikihesabu thelathini, najua ni thelathini. Siwezi kuiandika ishirini tena, hata kama watu watacheka."

Hakuna aliyecheka. Daktari Nzisa alichukua kikopo cha timu yao kutoka kwenye stendi. Alimwaga washa nne juu ya meza, akatoa kisu kidogo na kukipitisha kuzunguka kitako cha ndani cha kikopo. Kitako kile kikang'oka. Chini yake kulikuwa na kitako kingine, na katikati ya hivyo viwili kulikuwa na kitu kilichogandishwa kwa gundi.

Alichokoa kwa ncha ya kisu. Chuma kikaanguka mezani, *kling!*

"Moja," alisema.

Akachokoa tena. "Mbili!" Safari hii watoto waliokuwa mbele walisema pamoja naye.

"Tatu!" Ukumbi wote ulikuwa umesimama.

"Nne!"

Daktari Nzisa aliinua kikopo juu, akakitikisa mara moja. Washa ya mwisho ilidondoka ikabiringika juu ya meza hadi mbele ya Mumbua.

"TANO!"

Kelele zilizofuata zilisikika hadi barabarani. Mumbua alimrukia Mwanatumu wakakaribia kuanguka wote wawili. Mzee Abdalla alikuwa amesimama juu ya kiti, akipiga makofi mikono ikiwa juu ya kichwa. Mwalimu Erastus alikuwa akilia waziwazi bila kujali nani anamwona.

Kelele zilipopungua, Daktari Nzisa aliwageukia wavulana wa timu ya pili. "Nanyi mlihesabu ngapi kwa kweli?"

Mmoja wao alijikuna kichwa. "Ishirini na tisa, Daktari. Tukaogopa."

"Asante kwa kusema. Sasa nisikilizeni nyote, kwa sababu hili si fumbo nililolitunga tu." Alichukua picha kubwa iliyokuwa imekunjwa, akaining'iniza ukutani. Ilikuwa galaksi, yenye mikono iliyojipinda kama ile ya kalenda ya Mwalimu Erastus, ila kubwa mara kumi. "Miaka mingi iliyopita, wataalamu wa nyota walizitazama galaksi kama hii. Walikadiria nyota zote zinazoonekana, wakaongeza gesi na vumbi. Wakasema, kwa uzito huu, nyota za pembeni kabisa zitakuwa zinakwenda polepole, kwa sababu huko mvuto ni mdogo. Kisha wakapima. Mnadhani walikuta nini?"

"Zinakwenda kasi!" Mumbua alipaza sauti.

"Zilikuwa zinakwenda kasi mno, karibu sawa na zile za ndani. Wangeweza kufuta namba zao na kuandika zile zilizotarajiwa. Hawakufanya hivyo. Walipima tena, galaksi moja baada ya nyingine, na namba zikakataa kubadilika. Hatimaye wengi wao wakasema kile ambacho hawa mabinti wameandika leo: kuna uzito ambao hatuuoni. Tunauita maada isiyoonekana. Hautoi mwanga, na darubini haiwezi kuuona. Lakini nyota zinatuambia kwamba upo, tena kwa makadirio yetu ni mwingi mara kadhaa kuliko vitu vyote vinavyoonekana."

Alimwekea Mwanatumu mkono begani. "Wataalamu walihitaji ujasiri kuziamini namba zao. Mabinti wa Machakos wameuonyesha ujasiri huo kwa dakika kumi na tano. Darubini ni yenu."

Jumatatu asubuhi darubini ilisimamishwa kwenye jukwaa la gwaride la asubuhi, shule ilipokusanyika, ikiwa imefungwa utepe wa kijani. Mwalimu mkuu aliwaita Mwanatumu na Mumbua mbele, na shule nzima ikawapigia makofi ya kilo, mazito na ya mpigo mmoja. Kisha akampa Mwalimu Erastus nafasi ya kusema.

"Watoto wangu," alianza, "Jumamosi niliposikia ile thelathini ikisomwa, mimi nilijifunika uso. Nilidhani wamekosea. Mimi mwalimu wao! Kwa hivyo leo nawaomba msamaha mbele yenu, Mwanatumu na Mumbua. Mliziamini namba zenu kuliko nilivyoziamini mimi."

Mwanafunzi mmoja mdogo wa darasa la nne aliinua mkono. "Mwalimu, hiyo maada isiyoonekana ni kitu gani hasa?"

Mwalimu Erastus aliitazama darubini.

"Sijui," alisema.

Wanafunzi walitazamana. Hawakuwahi kumsikia mwalimu akisema neno hilo gwarideni.

"Sijui," alirudia kwa sauti kubwa zaidi, uso wake ukiwa umejaa furaha. "Na Daktari Nzisa hajui. Wale wenye darubini kubwa kuliko zote duniani hawajui. Lakini hakuna aibu katika kutojua, wanangu. Aibu ni kuandika jibu ambalo hukulipata kwa kazi yako. Mwanatumu alipoghushi namba, hakujifunza chochote, kwa sababu namba ya uongo haina la kukuambia. Alipohesabu kwa bidii na kuandika alichokipata, aligundua kitu ambacho macho ya watu mia tatu hayakukiona. Hesabuni kwa uaminifu. Pimeni tena mkichoka. Huenda mmoja wenu hapa ndiye atakayekuja kutuambia hicho kitu ni nini."

Aliinua daftari jipya la chama cha sayansi kilichokuwa kinaanzishwa siku hiyo. "Nani anataka kujiandikisha?"

Mikono iliinuka safu kwa safu, kutoka darasa la nane hadi kwa wale wadogo wa darasa la kwanza ambao hawakujua wanajiandikisha nini. Mumbua alichukua daftari, Mwanatumu akachukua kalamu, na wakaanza kuuliza majina mmoja baada ya mwingine.